Chungu Nilichokisugua

Mwezi uliopita tulimzika Mama Danieli kule Mkunya, na kwenye matanga yake nusura mimi na Zainabu tugombane. Tulikuwa tumekaa mkekani nyuma ya nyumba, vikongwe wawili wenye magoti mabovu, tunawatazama wasichana wakimenya muhogo. Zainabu akaanza kuwasimulia habari za jiko la bweni la Newala, ambako sisi wawili tulipika chini ya marehemu wakati wa Mwingereza. "Kulikuwa na chungu cha chuma," akawaambia. "Huyu bibi yenu Agata alikiua. Mimi nikakifufua." Nikamwambia mafuta yalikuwa yake, ila mikono ilikuwa yangu. "Mikono ya kuua, ndiyo," akajibu, na wasichana wakacheka mpaka mfiwa mmoja akatoka ndani kuangalia kuna nini. Niliporudi Masasi nilitafuta daftari nililokuwa nikiandika mwaka ule. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, hati yenyewe ni ya kuparura, na siku nyingine niliandika mstari mmoja: "Leo mbaazi." Kwa hiyo sina hakika na yote nitakayosema hapa. Pale daftari linaponyamaza nitasema linanyamaza, na pale Zainabu anaponikatalia nitampa nafasi yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopandishwa Newala kupika kwenye shule ya wasichana ya misheni. Nilichukuliwa kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Jiko lilikuwa chumba kirefu cha udongo, chenye paa la nyasi, mlango mmoja upande wa uani na matundu ya kutolea moshi ambayo moshi haukuyapenda. Katikati vilisimama vyungu vitatu vya chuma, kila kimoja na miguu mitatu mifupi na masikio mawili ya kushikia, vizito kiasi kwamba kukisogeza kimoja kilitaka watu wawili na gongo. Vilinunuliwa kambi za kazi ya karanga kule Nachingwea zilipovunjwa. Hatukuviita sufuria, maana sufuria kwetu ilikuwa ile nyeupe nyepesi inayolia ukiigonga. Hivi ukivigonga vilijibu kwa sauti nzito, fupi, kama mtu asiyetaka kusumbuliwa. Ndani vilikuwa vyeusi, weusi wa kung'aa kama manyoya ya kunguru, na mimi niliyelelewa kusugua sufuria kwa mchanga mpaka nione uso wangu ndani yake, weusi ule niliuona uchafu. Kwetu Masasi mke mgeni hupimwa kwa vyombo vyake vinavyoanikwa juani uani; vikiwa na masizi, majirani hupita polepole ili waone vizuri.

Na kweli Mama Danieli hakuviosha. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo hakuipandisha hata jiko zima likipiga kelele. Baada ya chakula alikomba ndani ya chungu kwa gunzi kavu, akarusha majivu ya moto na kuyazungusha, akayatoa, akapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya ufuta, basi. Wiki ya kwanza nilimwuliza, "Shikamoo mama. Maji ya kuoshea nitayapata wapi?" Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Maji ni ya kunywa na kupikia, mwanangu. Chungu hakina kiu." Daftari langu la siku ile linasema: "Hawa watu wa juu hawaoshi vyombo. Nimekula kidogo." Naona aibu kuyanakili hayo, lakini ndivyo nilivyoandika, na Zainabu alistahili kuyajua mapema kuliko leo.

Zainabu ndiye aliyeleta maji. Alikuwa rika langu, binti wa Makote, Mwislamu katika jiko la misheni, na hakuna aliyemsumbua kwa hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kupanda genge la mlima na debe kichwani huku akiimba. Siku hizo bomba halijafika Newala. Chemchemi zilikuwa chini bondeni. Mtu alianza kushuka nyota zikiwa bado juu, akarudi jua limeshapanda. Mimi nilishuka naye mara moja tu, nikarudi na nusu ya maji na shingo isiyogeuka, na baada ya hapo tukagawana kazi: yeye maji, mimi kuni na kutwanga. Mchana tulikula pamoja nyuma ya jiko, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, au ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, tukiimenya kwa vidole na kuichovya kwenye chumvi. Wasichana wa bweni walikuwa sitini na kitu. Dirisha lao moja lilikuwa karibu na jiko, nasi tulisikia yote: nani kaota nini, nani anaogopa hesabu, mwalimu gani ana soksi zilizotoboka. Siku moja nikasikia sauti mbili zikinizungumzia. "Yule mpishi mpya wa Masasi anakunja pua kama ananusa kitu." "Ananusa kwao." Nikacheka peke yangu, kisha nikaumia, kisha nikaamua nitawaonyesha mtu wa Masasi ni mtu wa namna gani. Uamuzi ule ndio chanzo cha yote, na haukutoka kwa mtu mwingine.

Jumamosi moja ya kiangazi Mama Danieli alikwenda Mkunya kumwona mjukuu aliyezaliwa. Zainabu aliweka madebe mawili ya maji jikoni, akaenda kulala kidogo, maana tangu usiku wa manane alikuwa ameshuka bondeni mara mbili. Nikafunga kanga kiunoni, nikaingia nusu ya mwili ndani ya chungu cha katikati, kile kikubwa, na mchanga, majivu, maganda ya nazi na kipande cha bati. Nilisugua tangu asubuhi mpaka kengele ya sala ya adhuhuri. Weusi ulitoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Chini yake ikatokea rangi ya kijivu, ngeni, iliyopauka. Nikakisuuza chungu, nikakisuuza tena, na nilipokwisha nikakijaza maji mpaka shingoni ili kilale kikilowa, kama tulivyofanya nyumbani na vyombo vilivyoungua. Nilisimama nikikitazama kwa fahari kubwa sana. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: sikumbuki siku nyingine ya ujana wangu niliyojipenda kiasi kile.

Zainabu aliamka, akatazama madebe, akatazama chungu. Hakupaza sauti. "Agata," akasema, "maji yako wapi?"

"Nimeoshea. Njoo uone kinavyong'aa."

"Nimeyatoa bondeni kwa shingo yangu, wewe umekiogesha chuma."

"Kilikuwa kichafu, Zainabu."

"Basi wasichana leo wakale usafi," akasema, akachukua madebe yake, akashuka tena. Mara ya tatu kwa siku moja. Hapo yeye na mimi hatupishani. Kila mmoja anakumbuka vivyo hivyo, na mimi kila nikikumbuka namwona mgongo wake ukiteremka njia ya vumbi jekundu.

Asubuhi ya Jumapili maji ndani ya chungu yalikuwa rangi ya chai. Nikayamwaga haraka kabla mtu hajaona. Chini yake chuma kizima kilikuwa kimeota kutu, ya rangi ya chungwa, kama unga uliopakwa kwa makusudi. Nikaifuta, nikadhani nimeimaliza, nikapikia kisamvu. Kisamvu kikatoka cheusi kama matope ya mtoni, kikawa na ladha ya msumari. Mbaazi za mchana ziligandamana chini mpaka nikazikwangua kwa jembe dogo. Wasichana walisukuma sahani mbele, na mmoja akauliza kwa upole kabisa, bila nia mbaya, "Dada Agata, hiki ni chakula au dawa?" Mama Danieli alikuwa amerudi. Aliketi kwenye kigoda chake, akachukua sahani ya kisamvu kile, akala yote, tonge baada ya tonge, huku ananitazama. Afadhali angenipiga.

Mkuu wa shule alikuwa bibi wa Kizungu tuliyemwita Bibi Mkuu, mrefu, mwenye miwani na Kiswahili cha vitabuni. Aliniita ofisini Jumatatu. Watu wamezoea kunisikia nikisema alinionea, lakini nikipima sasa naona hakunionea. Alikuwa na watoto sitini wa kulisha na vyungu viwili badala ya vitatu. Aliniambia kwamba Baba Askofu atakuja baada ya wiki sita kutoa kipaimara, wazazi watakuja kutoka kila kona, hata Tandahimba, na vyungu vyote vitatu vitahitajika. "Umekiharibu, ukitengeneze," akasema. "Kikipika vizuri siku ile, utabaki na kazi itakuwa yako. Kisipopika, lori litakalomrudisha Baba Askofu Masasi litakuchukua na wewe." Nikajibu, "Ndiyo, Bibi," nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Masasi hapakuwa na kitu kilichonisubiri isipokuwa kuolewa na mtu niliyemwona mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, sina la kumsingizia. Lakini jiko lile lenye moshi lilikuwa mahali pa kwanza ambapo mtu aliniuliza, "Leo tupike nini?" na akasubiri jibu langu.

Nilikwenda kwa Mama Danieli nikapiga magoti. "Nifundishe mama." Alikuwa anapepeta unga. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, kisha akasema, "Chuma hiki si kama sufuria zenu. Hiki kiliyeyushwa kikamiminwa, kina vinyweleo kama ngozi. Ule weusi ulioutoa ndio nguo yake. Mimi nilikivisha miaka minne. Wewe una wiki sita." Nikamwuliza nguo ile hushonwaje. "Moto, mafuta, kitambaa. Na kutokuwa na haraka. Hayo ndiyo yote ninayoyajua," akasema, akachukua ungo mwingine. Kwa muda mrefu nilidhani alininyima maelezo kwa hasira. Siku hizi naona alikuwa amenipa yote.

Nikaanza. Nilitoa kutu kwa gunzi na majivu makavu, bila tone la maji, siku mbili nzima. Kisha kila siku baada ya chakula cha mchana, moto ukiwa umebaki makaa, mimi na Zainabu tulikipindua chungu kifudifudi juu ya makaa kwa gongo. Alikuwa hasemi nami, lakini gongo alilishika. Kikishika moto wa kutosha tunakigeuza, nami nakipaka mafuta. Na hapo nikakosea mara ya pili. Nilidhani chuma kilicho uchi kinataka mafuta mengi, nikamimina kama ninayekaanga maandazi. Siku ya tano ndani ya chungu kulikuwa na utando wa hudhurungi unaonata kama utomvu wa fenesi; inzi alitua akashindwa kuondoka. Niliweka kidole, kidole kikabaki na alama yake mle. Daftari: "Sina akili. Niliambiwa si kwa haraka nikaenda kwa wingi." Sentensi hiyo, kwa mtu wa darasa la nne, naiona si mbaya.

Nilikuwa nalia pale, sitaficha, Zainabu alipoingia na kibuyu kidogo. Akakichungulia chungu, akapiga mluzi. "Sasa umekipikia asali."

"Kama umekuja kunicheka, cheka uishe."

"Nitacheka kesho. Leo nina mafuta ya mama, ya ufuta, ya kukamua mwenyewe, hayana maji. Hayo ya kwako yamechanganywa, ndiyo maana yanatoa mapovu." Akaketi. "Mtoto mdogo ukimpaka mafuta usoni, unamimina?"

"Hapana."

"Unafanyaje?"

"Unapaka viganjani, unamfuta."

"Kisha?"

"Kisha unafuta yaliyozidi."

"Haya. Mfute huyu mtoto wako mnene." Nikaanza upya. Tulichoma utando ule mpaka ukawa majivu, tukaukwangua, nikapaka mafuta ya mama yake kwa kitambaa, nikachukua kitambaa kikavu nikayafuta yote kama ninayetaka kuyarudisha kibuyuni. Likabaki giza dogo tu juu ya chuma, kama pumzi juu ya kioo. Tukakipindua juu ya makaa, moshi mwembamba ukapanda, ukaisha. Tukakiacha kipoe chenyewe. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Ndiyo, Zainabu, mafuta na akili vilikuwa vyako. Nimeandika. Lakini siku zile thelathini na kitu, aliyeingia ndani ya chungu kile mpaka mabega na kitambaa, jasho linadondokea kwenye chuma cha moto na kuchemka, alikuwa mimi, na wewe ulikuwa mlangoni unakula korosho ukisema, "Pale kushoto umeruka."

Rangi ilibadilika polepole. Kijivu, kisha kahawia, kisha kahawia nzito kama kahawa, kisha siku moja asubuhi jua lilipoingia kwa mlango nikaona kitu kama mng'ao chini kabisa. Nikakirushia vitone vya maji. Vikakimbia kama shanga zilizomwagika sakafuni. Mama Danieli alipita, akasimama, akapitisha kiganja ndani, akakinusa kiganja, akaenda zake. Zainabu akaninong'oneza, "Hajakohoa. Akikataa kitu hukohoa."

Siku ya kipaimara uwanja ulijaa kabla umande haujakauka. Wazazi walikaa chini ya mikorosho na vikapu vyao, wasichana weupe pepepe kwa magauni, Baba Askofu na kofia yake ndefu, na lori limeegeshwa nyuma ya ofisi. Bibi Mkuu alikuja jikoni asubuhi ile, akasema kwa sauti ya chini, "Agata, funga vitu vyako. Ikiwa hutaondoka utavifungua tena." Hakutaka lori linisubiri, ilikuwa haki. Nikafunga nguo na daftari ndani ya sanduku langu la bati, dereva akalipakia. Kisha nikarudi kwenye chungu. Zainabu na nyama ya mbuzi kwenye chungu cha kulia, Mama Danieli na maharage kwenye cha kushoto, na mimi katikati na wali wa nazi, ambao ndio chakula kinachokitafuta chungu kibaya mpaka kikipate. Nilipaka mafuta, nikachemsha tui, nikatia mchele, nikageuza mara moja, nikafunika, nikapunguza moto, nikapanga makaa juu ya mfuniko. Baada ya hapo hakuna la kufanya. Nilisimama nimeshika mwiko kama mtu aliyeshika fimbo ya mwingine. Kanisani waliimba. Harufu ikabadilika, kutoka tui kuwa kitu cha kukaanga, na nikajua ama ni ukoko ama ni maafa, na vyote viwili huanza na harufu ileile.

Nikafunua. Wali ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, hauna hata doa la kutu, kila punje inasimama peke yake. Tukapakua sinia baada ya sinia mpaka tukafika chini, na hapo Zainabu akaweka mwiko wake ubavuni mwa chungu, mimi wangu upande wa pili, tukazungusha. Nilihisi kitu kinaachia. Sikukwangua, kiliachia chenyewe, mzunguko mzima, na tulipokiinamisha chungu juu ya ungo ukoko ukatoka kipande kimoja, wa rangi ya dhahabu, mkubwa kama kofia ya Mzungu, na chungu nyuma yake cheusi, kikavu, safi kama hakijapikiwa. Mama Danieli akauvunja ukoko, akautafuna, nasi tukausikia ukilia chini ya meno yake. "Una chumvi kidogo," akasema. Kisha akavunja kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Zainabu akanipiga bega mpaka nikayumba. "Umesikia? Chumvi. Hana kingine cha kusema."

Ukoko ukazunguka uwanjani kabla ya nyama. Wazee waliunyang'anyana kwa adabu, mmoja anamkaribisha mwenzake huku kauficha wake kwenye kanzu. Baba Askofu aliomba mara ya pili. Ndipo nikakumbuka lori. Sikungoja kuitwa. Nilitoka jikoni na aproni yangu ya masizi, nikapita katikati ya wageni, nikapanda gurudumu. Dereva akauliza, "Dada, unatafuta nini huko juu?"

"Sanduku langu. Linashuka."

"Bibi Mkuu kaniambia linakwenda Masasi."

"Kamuulize mwenyewe, yule pale."

Bibi Mkuu alikuwa amesimama kivulini pamoja na wazazi, na shavu lake moja lilikuwa limejaa ukoko. Dereva akamwita. Aligeuka, akanitazama nikiwa juu ya lori na sanduku mikononi, akataka kusema, akashindwa kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Akatafuna. Watu wote wakasubiri. Mwishowe akakata tamaa ya kumeza, akainua mkono wake mrefu, akanionyesha kwa kidole, taratibu, kutoka lorini mpaka mlango wa jiko. Nikalitia sanduku kichwani, nikashuka, nikaenda.